Mrejesho: mtoto wa mwaka na nusu, kuharisha kusikojulikana sababu

Habari wapendwa. Niliuliza kuhusu mwanangu: kuharisha kunakokoma na kurudi, tumbo kujaa gesi, uzito kushuka, kipimo cha choo hakionyeshi kitu. Asanteni sana mliosisitiza choo kipimwe tena kwa sampuli tatu za siku tofauti, maana giardia (kijidudu cha utumbo kinacholeta kuharisha) haonekani kwenye kila choo. Kweli alikuwepo, na daktari akaandika dawa kwa uzito wa mtoto. Kuharisha kumekoma.

ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ilisaidia sana: pakiti kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi, kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata choo kikishakaza.

Ushauri wa kuacha maziwa tu haukutosha. Na hata sasa maziwa freshi yanamjaza gesi, ila mtindi anaumudu. Utumbo ulioumia huchelewa kurudisha uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Uzito nao bado uko chini kwenye kadi ya kliniki, tunaendelea na uji wa karanga.

Mkiona damu kwenye choo, macho kuzama au mtoto hawezi kunywa, msisubiri vipimo, mkimbizeni hospitali.