Uzi wa malalamiko: The Witness linatukwamisha kwa rangi na sauti, kisha tunaambiwa hatujafikiri

Wakuu, salaam. Modereta, nawaomba msiuunganishe uzi huu na ule wa kuulizana magemu mazuri ya kompyuta. Huku kuna jambo moja tu na nataka lisemwe mpaka lieleweke.

Kila anayetoa maoni ya kwanza kuhusu The Witness, gemu la mafumbo, huishia kwenye bustani ya mwanzo. Atasifu kisiwa kilivyopendeza, atasifu gemu linavyofundisha bila kutamka neno, atatoa nyota tano na kuondoka zake. Hayo yote yamo kwenye nusu saa ya kwanza. Mwenzake anasoma, analipa (lilitoka tarehe 26 Januari 2016 kwa dola 40, bei kubwa kwa gemu la watengenezaji huru), na baada ya siku chache anagonga mwamba mahali ambapo akili haimsaidii kitu. Kilichomkwamisha ni kioo cha laptop, au spika, au macho aliyozaliwa nayo. Na katika wote waliomsifia gemu hili, hakuna aliyemtahadharisha. Hilo ndilo linaloudhi.

Kwa asiyelijua: ni kazi ya Jonathan Blow na timu ndogo ya Thekla, yule yule aliyetoa gemu la Braid mwaka 2008. Unatembea kisiwani ukiona kwa macho ya mhusika mwenyewe. Huna silaha, huna wa kuongea naye, na muziki wa kukusindikiza hakuna. Kazi yako ni kuchora mstari kwenye paneli, kutoka duara la kuanzia hadi ncha ya kutokea. Paneli zinapita 500. Kuna maeneo 11 yenye leza, mwale wa mwanga unaouwasha ukimaliza mafumbo ya eneo, na ukiwasha leza 7 unafunguka mlima, ambako ndiko mwisho wa gemu.

Mwanzo wake ni mzuri kweli, na ndiyo maana hasira ni kubwa. Unatokea kwenye handaki lenye giza, paneli ya kwanza ni mstari ulionyooka, ya pili ina kona. Ukitoka unakuta bustani yenye ukuta. Kila paneli ina waya unaokwenda mahali fulani. Ukiitatua waya unawaka, unaufuata kwa macho na kujua umefungua nini. Nje ya lango kuna safu za kufundishia: hii miraba myeusi na myeupe inayotakiwa kutenganishwa na mstari, ile nukta ambazo mstari lazima uzipitie zote. Ukikosea, alama iliyokosewa inamweka nyekundu. Mchezaji anaelewa makubaliano: nitakuonyesha kosa lilipo, wewe tafuta kanuni.

Sasa nenda kwenye maeneo ambayo kanuni haimo ndani ya paneli, iko nje yake: vivuli vya matawi, mng'ao wa jua jangwani, milio ya ndege msituni. Paneli nyingi za huko ni tupu. Hakuna alama, kwa hiyo hakuna cha kumweka. Unachora, mstari unafifia, basi. Na kuna safu ambazo ukikosea, paneli inazimika kabisa mpaka urudi kuchora upya iliyotangulia ndipo iwake tena. Sababu inajulikana, ni kumzuia mtu asibahatishe mpaka apate. Lakini gemu halina namna ya kumtofautisha anayebahatisha na ambaye hajasikia au hajaona. Wote wanapigwa fimbo moja.

Chukua jangwa. Paneli ni nyeusi na inang'aa kama kioo. Njia ya kuchora imo kwenye alama za juu ya kioo ambazo hazionekani mpaka usimame pale ambapo mwanga wa jua unagonga paneli na kurudi machoni pako. Jua la kisiwani halisogei, wa kusogea ni wewe: hatua mbili kushoto, rudi nyuma, inama na kamera, na ghafla mchoro unajitokeza ndani ya weupe wa mng'ao. Kwenye skrini nzuri ni jambo la kufurahisha mno. Kwenye laptop ya bei nafuu yenye kioo cha TN, kile ambacho ukiinamisha mfuniko kidogo rangi zinageuka, weupe unameza mchoro wote. Unaweza kusimama mahali sahihi kabisa na usione kitu. Gemu lenyewe si zito, linakubali mashine ya RAM ya GB 4, kwa hiyo hata wenye vioo hivyo wanaweza kulinunua. Dawa ya dharura: nyoosha mfuniko mpaka skrini ikutazame uso kwa uso, punguza mwanga wa skrini, zima taa iliyo nyuma yako. Na kabla ya kusema fumbo ni gumu, hama sehemu ya kusimama mara tatu.

Rangi ndiyo balaa. Eneo lenye nyumba ya kitalu linakupa miraba ya rangi ya kutenganisha, lakini unaitazama kupitia vioo vya rangi au chini ya taa za rangi. Fumbo ni kung'amua rangi halisi ni ipi. Chini ya taa nyekundu, mraba mweupe na mraba mwekundu vyote vinaonekana vyekundu, na wa kijani unakaribia kuwa mweusi. Mwenye macho ya kawaida anafikiri kidogo, anabadilisha mwanga, anapata. Asiyetofautisha nyekundu na kijani hana pa kuanzia, kwa sababu hata kwenye mwanga wa kawaida hizo mbili kwake ni karibu kitu kimoja. Hali hii iko zaidi kwa wanaume, kwa vile chanzo chake kimo kwenye kromosomu X na mwanamume anayo moja tu. Wacheza magemu wangapi ni wanaume? Hesabuni wenyewe.

Najua atakuja mtu kusema wangeweka mchoro ndani ya kila rangi, huku mistari na kule nukta. Hapana, mkuu, hapo lingevuja jibu, maana fumbo lenyewe ni kujua rangi iliyojificha. Kilichowezekana ni kumpa mchezaji seti nyingine ya rangi, bluu na chungwa badala ya nyekundu na kijani, na kuhakikisha rangi zinazopambanishwa zinatofautiana pia kwa weupe na giza. Hilo ni suala la kupanga taa na vioo upya. Timu iliyotumia miaka saba kupanga kila jiwe la kisiwa kile ingeliweza.

Na hata wenye macho mazima wanakwama hapo kwa uzembe mdogo: ile taa ya usiku ya Windows inayofanya skrini iwe ya manjano ikifika jioni. Imewashwa, umesahau, na bluu zako zote zimeshakufa. Kwenye simu na tableti za Apple ni hivyo hivyo. Izimeni kabla ya kuingia kitaluni.

Msitu wa ndege nao. Ndege analia, mlio wa juu, wa kati, wa chini, na mstari wako upite juu, kati, chini kwa mpangilio huo huo. Wazo safi. Kisha kelele nyingine zinaingizwa kati ili zikuvuruge, na hapo spika za laptop zinazokaa chini ya kibodi hazifai kitu, achilia mbali mtu anayechezea sebuleni na feni inazunguka. Vaeni hedifoni, na iwe inafanya kazi pande zote mbili. Iliyokufa upande mmoja inaweza kukupotezea ndege anayelia upande ule. Ukiwa nayo hiyo hiyo tu, nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya usaidizi, fungua sauti, uwashe mono. Sauti za pande zote zitakuja kwenye sikio moja. Hutajua ndege yuko wapi, lakini mlio utausikia.

Kiziwi je? Maandishi ya chini ya skrini yapo kwa ajili ya sauti za watu zilizorekodiwa ambazo unaziokota kisiwani, maneno marefu ya kifalsafa yasiyofungua mlango wowote. Kwa ndege, ambao bila wao leza ya msituni haiwaki, hakuna maandishi. Yaani pambo limewekewa msaada na fumbo limeachwa hivi hivi. Mchoro mdogo wa mawimbi chini ya skrini, unaopanda na kushuka kufuata mlio, pamoja na kelele za kuvuruga zikichorwa humo humo, ungetosha, na fumbo lingebaki gumu vile vile.

Kuna kosa la tatu, dogo, lakini linawatoa wengi siku ya kwanza. Ukitoka bustanini unaweza kwenda popote, na kijijini milango mingi ina alama ambazo hujafundishwa. Gemu halikuambii kama umekosea au bado hujafika darasa hilo. Ramani hutembei nayo, iko kwenye boti. Watu wanakaa saa nzima wakipigana na mlango mmoja. Siwapi kanuni, nawapa shule zilipo: nyota zinafundishwa kwenye nyumba za mitini, maumbo ya vipande vya miraba yanafundishwa kwenye kinamasi, ile alama yenye mikono mitatu kama herufi Y iko machimboni. Ukikuta alama usiyoijua, ondoka hapo mara moja, nenda shuleni kwake uanze na paneli ya kwanza ya safu.

Nyinyi mnaotengeneza video za maoni ya kwanza, hamjapona. Gemu hili lina siri moja kubwa isiyo ya kwenye paneli, na thamani yake yote ni mtu kuigundua mwenyewe. Mnaiweka kwenye picha ya mbele ya video! Mtu hajabonyeza hata kitu, ameshaibiwa. Wekeni picha ya lango la bustani, inatosha kabisa.

NYONGEZA 1: Nimeona mnaosema "leza 7 kati ya 11 zinatosha, mwenye tatizo la rangi aruke kitalu na kiziwi aruke msitu". Tuhesabu pamoja. Asiyeona rangi akiruka kitalu zinabaki 10. Kijijini nako kumechanganywa mafumbo ya rangi. Akikuruka zinabaki 9. Sawa, 7 anazipata. Anaingia mlimani, na humo hakuna cha kuruka, na humo kuna paneli zilizotengenezwa makusudi ziyasumbue macho: rangi zinabadilika, nyingine zinamwekamweka. Kwa hiyo mlango aliofunguliwa unampeleka kwenye ukuta ule ule, baada ya saa nyingi za kazi. Huo si utetezi.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza kuhusu kichefuchefu, hauko peke yako, ni lalamiko la zamani kwa gemu hili. Unageuza kichwa kwa kasi, unatazama paneli kwa karibu, unarudi nyuma ghafla, na masikio ya ndani hayajasogea. Ubongo unagombana na macho. Skrini ikijaza uso wako wote ni mbaya zaidi. Kaa mbali na skrini, acha taa ya chumba iwake, punguza kasi ya mausi, na shusha ubora wa picha mpaka gemu liende bila kukwamakwama, kwa sababu fremu zinazoruka huongeza kizunguzungu. Ukianza kuhisi mate yanajaa mdomoni, zima hapo hapo. Linajihifadhi lenyewe, hupotezi kitu. Ukilazimisha dakika kumi zaidi utaumwa jioni nzima.

NYONGEZA 3: Kuhusu vichujio vya rangi vya Windows, ndiyo, vinasaidia kiasi. Vipo kwenye mipangilio, sehemu ya usaidizi, na kuna cha nyekundu na kijani. Chezea gemu kwenye dirisha badala ya skrini nzima ili kichujio kishike. Mraba mwekundu na wa kijani vitaachana kwenye mwanga wa kawaida. Lakini kichujio hakijui kipi ni kioo cha rangi na kipi ni mraba, kinabadilisha vyote kwa pamoja, kwa hiyo ndani ya kitalu kitakufikisha paneli za mwanzo na kukuacha hapo. Bora utumie nguvu zako kinamasini na machimboni.

Na mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga unaomweka, au mzazi wa mtoto mwenye tatizo hilo: kisiwa cha nje ni kitulivu na kinaweza kukudanganya. Mlimani usiingie.