Makato ya asilimia 2.75 ya mshahara kwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya: mnaona ni haki?

Swali: Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, mnamo Oktoba 2024, mwenye mshahara wa shilingi 100,000 hukatwa 2,750 badala ya 1,700. Je, wenzangu, mnaona ni haki?

Jibu: Naona ni haki, kwa kuwa zamani aliyelipwa milioni moja naye alikatwa 1,700 tu.

Jibu: Ndugu, wa mshahara angalau hukatwa kila mwezi. Sisi wa jua kali hukadiriwa mapato kwa kuulizwa hata paa la nyumba ni la nini, kisha tunadaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua 3,600, ilhali kibarua chenyewe ni cha kubahatisha.

Muuliza swali: Hilo la mkupuo sikulifikiria.