Naomba ushauri: gemu ya zamani isiyouzwa tena, naruhusiwa kuinakili?

Habari zenu wakuu. Nina kompyuta kuukuu ambazo vijana wa mtaani huja kuchezea, na wanaipenda sana gemu moja ya mwaka 1998. Madukani haipo tena, kampuni iliyoitengeneza ilishafungwa, na barua pepe niliyowatumia ilirudi. CD yenyewe ina mikwaruzo, inakwama katikati ya kufunguka.

Najua kampuni ya id Software walifungua kwa wote msimbo (maagizo ya programu) wa gemu yao ya Doom mwaka 1997 (ramani na picha zake zilibaki za kuuzwa), na kampuni ya Electronic Arts wakaitoa gemu yao ya Command & Conquer bure mwaka 2007. Lakini hao waliruhusu wenyewe. Kwangu mimi, gemu iliyotelekezwa ingepaswa kuwa ya wote, maana ikipotea ndiyo basi.

Mwenye hakimiliki akiwa kimya, sheria inaniruhusu kunakili? Na nitamjuaje aliyenunua haki za kampuni iliyofungwa?