Tupeane uzoefu: limiti ya fanksheni mbili ukiwa na grafu tu

Mwalimu wa tuisheni, Ngamiani
Wakuu, habari. Nafundisha hesabu kidato cha tano na sita hapa Tanga mjini. Kuna swali linawatoa vijana jasho: wanapewa grafu ya f na ya g, fomula hakuna, kisha watafute limiti ya f + g, yaani namba ambayo jumla inaisogelea, pale x inapokaribia 2. Nyie mlilielewaje?

Mimi nataka mtoto amalize kushoto kwanza, aandike, ndipo ahamie kulia. Huwa nachora hivi: kushoto mwa 2, f inakwenda 1 na g inakwenda 4, kulia, f inakwenda 3 na g inakwenda 2. Wengi huandika "haipo", kwa kuwa f haina limiti na g haina. Jumlisha sasa: 1 + 4 ni 5, na 3 + 2 ni 5. Limiti ipo! Kanuni ya kujumlisha limiti inataka zote mbili ziwepo. Zisipokuwepo, kanuni haisemi lolote. Zizidishe hizohizo, unapata 4 na 6. Hapo kweli haipo.

Binti wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), Chumbageni
Shikamoo mwalimu. Mimi dada alinifundisha kufunika kwa kidole pale penye x = 2, nisome mistari ya pembeni tu. Kile kidoti cheusi kilichokaa peke yake ni thamani ya fanksheni, kwenye limiti hakimo.

Mdau wa Pongwe
Binti, hapo kwenye kidoti subiri kidogo. Chukua f(g(x)), yaani jibu la g unaliingiza kwenye f. Kama g inapanda hadi kilele cha 3 halafu inashuka, pande zote mbili inaifikia 3 ikitokea chini. Kwa hiyo kwenye grafu ya f unaingia 3 kwa kushoto tu, hata kama f imeruka hapo. Lakini g ikiwa mstari uliolala kwenye 3, unachukua f(3) yenyewe. Kidoti ndicho jibu!

Mama wa Raskazone
Mwanangu alikwama kwenye f/g, zote zikienda 0. Kama ni mistari iliyonyooka inayokatiza 0 hapo, gawanya miteremko: 6 kwa 2, limiti ni 3. Juu ikienda 4 na chini 0, hakuna namba ya kuandika.

Mwalimu wa tuisheni, Ngamiani
Marahaba binti. Mdau, huo mstari uliolala naupeleka darasani Jumamosi. Mwenye mfano wa f(g(x)) ambamo g inavuka 3 ikipanda, auweke hapa.