Gawio, kampuni kununua hisa zake, na pesa ya kutuma nyumbani

Wapendwa, salaam.
Nina hisa kidogo za benki na za kampuni ya mafuta hapa Uingereza. Nilipanga gawio lake, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, limlipie mama kodi ya nyumba Mombasa. Sasa kila mtu anasema uchumi unadorora, na kampuni mojawapo imetangaza kununua hisa zake yenyewe badala ya kuongeza gawio. Nikae nazo au niuze?
Dada yenu, Leicester

---

Dada, salaam na pole kwa wasiwasi.

Kodi ya mama iondoe kwenye hesabu ya gawio, leo hii. Gawio si mshahara. Wakurugenzi wakiona hali ngumu wanalifuta, hata kama lilishatangazwa. Machi 31, 2020, benki kubwa za hapa, zikiwemo HSBC, Barclays na Lloyds, zilifuta gawio lililobaki la mwaka uliotangulia na kusitisha ununuzi wa hisa zao baada ya msimamizi wa mabenki kuzitaka zifanye hivyo. Kule Hong Kong kuna wazee waliokuwa wakiishi kwa gawio la HSBC. Hawakuulizwa.

Kuhusu kampuni kununua hisa zake: hisa zikipungua sokoni, faida ileile inagawanywa kwa hisa chache, kwa hiyo kila moja inaonekana imechuma zaidi ilhali biashara haijakua hata kidogo. Si jambo baya lenyewe. Uliza pesa inatoka wapi. Fungua ripoti ya mwaka, ukurasa wa mtiririko wa fedha taslimu: baada ya gharama za mitambo na riba za madeni, kimebaki nini? Kikitosha gawio na ununuzi, tulia. Kama wananunua huku deni linapanda, mimi nisingekaa. Boeing ilitumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua hisa zake kuanzia 2013. Machi 2020 ikafuta gawio, na mwezi uliofuata ikakopa bilioni 25 kwa hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji.

Angalia pia nini hutangulia gawio kukatwa. Shell ilisitisha kununua hisa Machi 2020, kisha Aprili 30 ikashusha gawio la robo mwaka kutoka senti 47 za dola hadi 16, mara ya kwanza tangu Vita Kuu ya Pili. Kwa kawaida ununuzi ndio unaokatwa kwanza, maana wanahisa hawaupangii bajeti. Kampuni yako ikisitisha ghafla, chukulia kuwa gawio nalo liko mashakani.

Na usivutwe na asilimia kubwa ya gawio kwa bei ya hisa. Hisa ya pauni 100 inayolipa 5 ni asilimia 5. Bei ikianguka hadi 50, inasomeka 10, na hakuna aliyekuongezea kitu.

Hisa ziweke ndani ya ISA, akaunti ya hapa Uingereza isiyotozwa kodi, kama bado. Nje yake, tangu Aprili 2024 ni pauni 500 tu za gawio kwa mwaka zisizotozwa kodi. Ukiwa na za Marekani, jaza fomu ya W-8BEN, ya kuonyesha wewe si mkazi wa kule, gawio likatwe kodi ya asilimia 15 badala ya 30. Kodi ya nyumba ya mama ya miezi sita iwe kwenye akiba ya kawaida ya benki.
Kaka yako, Reading

---

Ahsante sana, kaka. Je, nikihamishia pesa ya hisa hizo soko la hisa la Nairobi?
Dada yenu, Leicester

---

Dada, huko nako ni vilevile. Benki ya Equity ilipendekeza gawio la shilingi 2.50 kwa hisa, ikaliondoa Mei 2020. Kwa kawaida asiye mkazi hukatwa kodi ya gawio asilimia 15 Kenya, mkazi 5. Kununua hisa zake yenyewe, kampuni ya kwanza pale ilikuwa Nation Media, ya magazeti, mwaka 2021, kwa shilingi 25 kila moja. Ukitaka kuingia, ingia kwa pesa ambayo mama hataihitaji kwa miaka mitano. Nitumie majina ya hizo kampuni mbili faraghani, Jumamosi tufungue ripoti zake pamoja kwa simu.
Kaka yako, Reading