Meneja wa jengo la fleti anawajibika kwa nani, na mamlaka yake yanaishia wapi?

Mwenye Fleti Nyali

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mmoja wa wamiliki katika jengo la fleti 24 huku Nyali, Mombasa. Mjenzi alipomaliza kuuza, alituachia kampuni ya usimamizi aliyoichagua yeye mwenyewe. Meneja wa kampuni hiyo ndiye anayekusanya ada ya huduma ya shilingi 9,500 kwa kila fleti kwa mwezi, ndiye anayelipa walinzi na wafagizi, ndiye anayeagiza maboza ya maji mfereji unapokauka, na ndiye anayeamua fundi gani aitwe lifti inapokwama. Hivi majuzi ramani ya sehemu, yaani ile inayoonyesha mipaka ya kila fleti na maeneo ya pamoja, ilisajiliwa, kila mtu akapata hati ya fleti yake, na tukachagua bodi ya shirika la wamiliki. Nami ni mwanachama wa bodi hiyo.

Tumegongana naye katika mambo matatu. Kwanza, ada yote huingia katika akaunti ya kampuni yake, na tulipoomba taarifa za benki alijibu kwamba hesabu za kampuni hazionyeshwi wateja. Pili, kuna bomba la maji machafu linalovuja kati ya orofa ya tatu na ya pili, naye anasema hilo ni la wenye fleti hizo mbili wapatane wenyewe. Tatu, amefunga maji ya fleti mbili zenye malimbikizo ya ada, na katika moja kati ya hizo anaishi mpangaji ambaye kodi yake hulipa kila mwezi bila kukosa. Anayedaiwa ni mwenye nyumba.

Ninaomba wenye ujuzi watueleze: kazi ya meneja hasa ni ipi, na bodi ina uwezo gani juu yake?

Msimamizi wa Majengo

Ndugu, mimi mwenyewe ninaishi kwa kazi hii ya umeneja, kwa hiyo nitakujibu kutoka upande huo wa meza.

Anzeni na sheria, kwa sababu ndiyo inayoonyesha nani ni mwajiri wa nani. Kwa Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1987, wajibu wa kutengeneza maeneo ya pamoja, wa kuweka bima ya jengo na wa kuendesha mfuko wa gharama umewekwa juu ya shirika la wamiliki. Haukuwekwa juu ya meneja wala juu ya mjenzi. Meneja huja baadaye, kwa mkataba, kulitendea shirika kazi zake, na asilolipata katika mkataba huo au katika uamuzi wa bodi hana mamlaka nalo. Kama mkataba uliopo ulitiwa saini na mjenzi kabla bodi haijachaguliwa, uchukueni leo msome muda wake, notisi yake na namna malipo ya meneja yanavyokokotolewa, kisha mwamue kama mnauendeleza, mnaujadili upya au mnausitisha.

Kuhusu kazi yenyewe, watu wengi hudhani meneja ni mtoza ada mwenye ofisi. Ada ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kulijua jengo na kulitangulia kabla halijaharibika, na huku pwani jengo huharibika upesi kwa sababu ya chumvi. Panda orofa moja chini ya ile ya juu kabisa, simama chini ya baraza ya jirani wa juu, uangalie dari yake. Ukiona ufa mmoja ulionyooka, unaofuata njia ya nondo, na doa la kahawia likichuruzika kutoka humo, basi hewa ya bahari imekwisha kufika kwenye chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, na saruji haina budi kupasuka. Ufa huo ukishughulikiwa mapema, fundi huchimbua, husafisha nondo, huipaka dawa na kuziba. Ukiachwa, vipande vya saruji huanza kuanguka kwenye maegesho. Meneja anayestahili mshahara wake hulikagua jengo lote kwa ratiba, hupiga picha, na huiandikia bodi alichokiona hata kama hakuna mkaazi aliyelalamika.

Vivyo hivyo kwa pampu. Wengi wenu mnatumia kisima kwa sababu maji ya mfereji, yanayosafiri kutoka Baricho na Mzima, hayafiki kila siku. Maji ya visima vya karibu na bahari mara nyingi huwa na chumvi, na chumvi hula pampu na vali. Uliza kama katika chumba cha pampu kuna daftari lenye tarehe za huduma, saa ambazo pampu imefanya kazi na jina la fundi. Kama halipo, mnasimamiwa kwa kukisia.

Lifti ina sheria yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka ikaguliwe kikamilifu na mkaguzi aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi sita, na ukaguzi huo ni mbali na huduma ya kawaida ya fundi anayepaka grisi. Ombeni ripoti ya mwisho. Ombeni pia bima ya wafanyakazi inayotakiwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, kwa kuwa mfagizi akianguka ngazini swali la kwanza litakuwa nani alikuwa mwajiri wake.

Halafu kuna bajeti. Kwa ada mnayotoza mnakusanya shilingi 228,000 kwa mwezi iwapo kila mtu analipa. Tuseme lifti mpya itahitajika baada ya miaka 15 na itagharimu shilingi milioni 4.5: hiyo ni akiba ya shilingi 25,000 kila mwezi, yaani kama shilingi 1,050 kutoka kwa kila fleti, bila kuhesabu kupanda kwa bei. Meneja aliyekaa nanyi muda wote huu bila kuwaletea hesabu ya namna hiyo ameacha kazi ambayo mimi naiona ya msingi kuliko hata kukusanya. Kuamua kama mtaiweka akiba hiyo ni juu yenu.

Mwanasheria wa Mvita

Nitaongeza machache kwa upande wa sheria, bila kuingia katika mkataba ambao sijauona.

Fedha za ada ni za shirika. Meneja anazishika kwa niaba, na anayeshika cha mwenzake hutakiwa kutoa hesabu anapoulizwa. Jibu la kwamba hesabu za kampuni ni siri lingekuwa na maana kama mngeuliza faida yake au mishahara ya ofisini kwake. Halina maana mnapouliza fedha zenu zilikopita. Mwandikieni barua rasmi iliyotiwa saini na bodi, mtaje nyaraka mnazozitaka na tarehe ya mwisho, na muwe na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Simu na ujumbe wa kundi la WhatsApp havitoshi.

Bomba mtalipatia jibu katika ramani ya sehemu na kanuni za shirika, si katika maoni ya meneja. Kanuni ya jumla ni kwamba bomba linalohudumia fleti zaidi ya moja ni la pamoja hata likipita ndani ya ukuta wa mtu, ilhali bomba linalohudumia fleti moja tu ni la mwenye fleti hiyo. Bomba kuu la maji machafu linaloshuka kutoka juu hadi chini ni nadra sana kuwa la mtu mmoja. Na hata pale ambapo mwenye kulipa hajajulikana, meneja alipaswa kuzuia uvujaji kwanza na kuuliza gharama baadaye, kwa sababu unyevu haungojei mkutano.

Kufunga maji ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, inataja maji safi ya kutosha miongoni mwa haki za kila mtu, na meneja anayejichukulia hatua hiyo bila uamuzi wa maandishi wa bodi analiweka shirika zima katika hatari ya kushtakiwa pamoja naye. Ada isiyolipwa ni deni, na deni hudaiwa kwa mmiliki: kwa barua ya madai, kupitia kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro ambayo sheria hiyo ya 2020 inaitambua, na mwishowe mahakamani. Mpangaji hana mkataba na shirika. Mfungulieni maji leo, kisha mfuateni mwenye nyumba.

Mweka Hazina wa Zamani, Upanga

Mimi niko Dar es Salaam, ambako tuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, nami nimewahi kuwa mweka hazina wa jengo letu. Sipingi yaliyosemwa, lakini ninaona meneja analaumiwa peke yake.

Katika jengo letu baadhi ya wamiliki wanaishi Muscat, Dubai na Uingereza; hawaji mikutanoni, hawatumi wawakilishi, na akidi inapokosekana hakuna bajeti inayopitishwa. Waliopo nao kila mmoja humpigia meneja simu kivyake: huyu anataka mlinzi abadilishwe, yule anataka jenereta iwashwe mchana, na mwingine hajalipa ada lakini sauti yake ndiyo kubwa kuliko zote. Meneja asiyepewa bajeti wala maagizo yaliyoandikwa atafanya anachoweza, na mara nyingi atafanya kinachompunguzia simu. Kabla ya kumfukuza huyu wenu, hakikisheni kwamba bodi ina mtu mmoja tu wa kumpa maagizo, na kwamba wajumbe wa bodi wenyewe hawana malimbikizo.

Mwenye Fleti Nyali

Ninawashukuru sana. Maji ya fleti zote mbili yamefunguliwa jioni hii baada ya bodi kukutana na kuandika uamuzi, na barua ya kuomba hesabu itapelekwa kesho. Wajumbe wawili kati yetu walikuwa na malimbikizo, na wameahidi kulipa kabla ya mkutano mkuu. Sasa ninauliza: iwapo tutabadilisha kampuni, tudai nini siku ya makabidhiano?

Msimamizi wa Majengo

Dai la kwanza ni fedha na njia zinazopitia. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la shirika, yenye saini za wajumbe wawili wa bodi, na namba ya malipo ya M-Pesa iliyounganishwa na akaunti hiyo, kisha muwatangazie wamiliki wote kwa maandishi kabla kampuni ya zamani haijaondoka. La sivyo baadhi yao wataendelea kulipa kule kwa mazoea. Mita ya stima ya maeneo ya pamoja na akaunti ya maji mzikague pia, kwani mara nyingi bado ziko kwa jina la mjenzi.

Upande wa nyaraka, takeni michoro ya jengo kama lilivyojengwa, hasa ya mabomba na nyaya, cheti cha kuruhusu jengo kukaliwa, bima, ripoti za lifti, dhamana za pampu na jenereta, mikataba ya walinzi na wafagizi, na orodha ya madeni ya kila fleti iliyosainiwa na pande zote mbili. Rekodi za kamera na daftari la wageni lenye namba za vitambulisho zikabidhiwe bila nakala kubaki kwa kampuni inayoondoka, kwa kuwa hizo ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Funguo zihesabiwe chumba kwa chumba, na pampu, lifti na jenereta ziwashwe mbele ya mameneja wote wawili. Kisichofanya kazi siku hiyo kiandikwe, na malipo ya mwisho ya kampuni yasitolewe hadi karatasi hiyo iwe na saini zao.