Mawakala wa bima ya maisha, mnatunzaje wateja na kotesheni (makadirio ya bei ya mteja) mnatolea wapi? Nimechoka na kauntabuku

binti_makorora:
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za saa hizi. Mi ni wakala wa bima ya maisha hapa Tanga mjini, nakaa Makorora, kazi hii huu mwaka wa tatu na leseni ya TIRA, wale wasimamizi wa bima, ninayo. Shida yangu wateja wamekua wengi, wako 180 na kitu, na wote wako kwenye kauntabuku mbili, WhatsApp na kichwani. Wapo wa Ngamiani na Chumbageni, kina mama wa samaki pale Deep Sea, walimu na wakulima wa machungwa Muheza, wachache Pangani, na kila mtu ana tarehe yake ya kulipa, nikisahau kumkumbusha miezi miwili bima imelala na lawama zangu mie.

Sa mwezi wa saba nikapata aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia joto. Mwalimu mmoja wa Muheza alitaka ile ya akiba na ada ya mtoto, miaka 15, nikampigia hesabu palepale chini ya mwembe kwenye Excel niliyorithi kwa wakala mwenzangu aliyeacha kazi, ikatoka 52,000 kwa mwezi, akafurahi, tukajaza fomu, katoa kopi ya NIDA, kasaini. Fomu imefika makao makuu imerudi 58,400. Nampigia simu ananiambia mwanangu, mi sifundishwi hesabu na mtu, hiyo elfu sita na mia nne unaila wewe. Afu ile Excel wateja wengine nikiingiza tarehe ya kuzaliwa inaleta #VALUE! mpaka niigeuzegeuze ndo ikubali.

YouTube nimeona mawakala wa Marekani wanaweka umri wa mtu na kama anavuta sigara, wanabonyeza, zinakuja bei za kampuni hata kumi kwa mpigo. Na kuna kaka kanifata ana mfumo wake, anataka laki nane kuufunga na elfu 60 kila mwezi, anasema una kila kitu, wateja, kotesheni, meseji. Ninunue au niache? Nisaidieni kabla hela ya kijora haijaenda huko.

mzee_wa_katani:
Marahaba binti. Mi nimeanza kazi hii wakati tunazunguka na baiskeli na kitabu cha viwango mgongoni, kwaiyo nakuambia kitu kimoja tu. Umechanganya kazi mbili ukaziita moja. Kutunza wateja ni kazi yako, kutoa bei ni kazi ya kampuni. Huyo kaka hata awe fundi wa mbinguni hana viwango vya kampuni yako, na akiwa navyo kavikopi mahali, na kampuni ikibadilisha kesho yeye hajui, utatembea na bei mfu kama hiyo Excel yako ya urithi.

Hao Wamarekani wana Compulife, wana iPipeline, ni vitu vizuri kabisa, lakini ndani yake kuna bei za kampuni za kwao, Compulife ni za Marekani na Kanada. Wewe uko Makorora utalinganisha nini na nini? Tena kule wanaoshindanisha makampuni ni mawakala wasiofungwa na kampuni moja, wewe unauza ya kampuni moja, hata ukiona bei kumi unauza ile ile moja.

Omba kampuni ikupe njia yao ya kutolea kotesheni, iwe apu iwe tovuti iwe Excel yenye tarehe ya mwaka huu, na isipokuwepo mtumie bosi wako wa tawi meseji akutolee, usubiri. Mteja akikuuliza bei chini ya mwembe mwambie "nakuletea kesho ikiwa na nembo ya kampuni". Na umwambie mapema kwamba kotesheni sio mkataba, daktari akiona presha au sukari bei inaweza kupanda, au wakakataa kabisa.

bombo_bombo:
Kauntabuku haiishi chaji, haidai bando. Mie bado niko nayo 😂

fundi_wa_shiti:
Mzee kamaliza upande wa bei. Mi sio wakala, mi mhasibu niko huku Raskazone ila shemeji yako anauza bima kwaiyo faili lake nalijua. Dada hiyo #VALUE! inanitia wasiwasi kuliko hiyo laki nane. Hebu nijibu vitu vitatu. Huyo mwalimu kazaliwa lini? Kwenye faili umri umeandikwa ngapi? Na je inakataa tarehe za wote au wale tu waliozaliwa kuanzia tarehe 13 kwenda juu?

binti_makorora:
Duh umejuaje. Ni kweli, 25, 30, 17, hizo ndo zinagoma, hua naanza na mwezi ndo inakubali. Mwalimu ni tarehe 9 mwezi wa nne 1983, niliandika 09/04/1983. Faili linasema ana miaka 41.

fundi_wa_shiti:
Basi mchawi kapatikana. Laptopu yako imesetiwa kimarekani, inasoma mwezi kwanza afu siku. Kwaiyo 09/04 yeye kaiona ni tarehe 4 mwezi wa tisa, na kwa kua ilikua Julai ikahesabu mwalimu hajafikisha birthday ya mwaka huu, ikampa 41 wakati ana 42. Akizaliwa tarehe 25 mashine inatafuta mwezi wa 25 haiuoni, inaichukulia kama maneno tu, ndo unapata #VALUE!. Sa zile zinazogoma hazina madhara maana unaziona. Ubaya uko kwa hizi zinazokubali kimya kimya.

Na kuna la pili. Kampuni nyingi za bima ya maisha hazihesabu umri uliotimiza, zinahesabu utakaotimiza birthday ijayo, muulize bosi wako nyie mko upande gani. Kama ni ijayo, mwalimu kwa kampuni ana 43 na kwako alikua 41, hapo umemshushia miaka miwili bila kujua. Peke yake hiyo sidhani kama inafikisha 6,400, kwenye mkataba wa akiba wa miaka 15 umri hausukumi bei sana hivo, nahisi na viwango ni vya zamani au kuna nyongeza ya ulemavu, ile kinga ya ziada mteja akipata ulemavu, haikuhesabiwa. Ila angalau usiseme tena ni makao makuu wamekuonea.

Dawa: ingia mipangilio ya laptopu, sehemu ya Region, weka Uingereza au Tanzania kama ipo. LAKINI sikiliza hapa, ukibadilisha hivo zile tarehe zilizokwisha ingia vibaya hazijirekebishi, zitageuka muonekano tu, makosa yanabaki ndani. Inabidi uzipitie. Ondoa mpangilio wowote wa kati au kushoto kwenye hiyo safu, tarehe ya kweli itakaa kulia, maneno yatakaa kushoto. Afu fomati tarehe zionyeshe mwezi kwa jina, uzilinganishe na namba ya NIDA, zile tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, 19830409 unaona? Huna haja ya kumpigia mtu.

Upande wa wateja, watu 180 hawahitaji mfumo wa laki nane. Google Sheets inatosha, ni bure, iko kwenye simu. Jina, simu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mkataba, kiasi, analipa kila lini, amelipa mpaka lini, mnufaika nani, na safu moja ya maneno yako mwenyewe, "mtoto anaingia fomu one Januari", hiyo ndo inauza kuliko zote. Ile "amelipa mpaka lini" iweke rangi, ikipita siku moja njano, ikikaribia mwisho wa muda wa msamaha, zile siku anazoruhusiwa kuchelewa bila bima kulala, nyekundu. Muda huo usome kwenye mkataba, mara nyingi ni siku 30 ila usikariri. Ukifika wateja mia nne au ukaajiri binti wa kukusaidia ndo uangalie Zoho CRM, programu ya kutunza wateja, wana ya bure kwa watumiaji watatu, hiyo inakukumbusha yenyewe.

dalali_wa_pwani:
Naongezea mimi ni broka, dalali wa bima nisiyefungwa na kampuni moja, na hilo la kununua mfumo wa mtu limenila. Nililipa kijana mmoja, simtaji, katengeneza kitu kizuri kweli kina picha na grafu, mwaka wa kwanza raha mstarehe. Mwaka wa pili kapata kazi kwingine, simu hapokei, siku moja naingia paswedi inakataa. Wateja mia nne na ushee, tarehe za kulipa, wanufaika, vyote vimebaki kwake. Nilikaa miezi mitatu napanga upya kutoka kwenye risiti na meseji za M-Pesa, nalala na makaratasi kitandani mume wangu akawa anauliza kama nimeolewa na yeye au na mafaili.

Kwaiyo mdogo wangu, huyo kaka kabla hajakuonyesha rangi za mfumo mwambie akuonyeshe kitufe cha kushusha wateja wote kwenye Excel, sasa hivi, mbele yako. Akianza "hiyo tutaiongeza baadae" nyanyua mkoba wako.

La pili watu wanalichukulia poa. Hizi ni taarifa za watu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023 na ina Tume yake, na mambo ya afya ya mtu humo ni taarifa nyeti. Fomu yetu inauliza presha, kisukari, umewahi kulazwa. Sa mtu anapiga picha fomu nzima anaiweka kwenye grupu la WhatsApp la mawakala "jamani hii itapita kweli?" Huo ni mchezo mbaya. Muulize huyo kaka data zinakaa wapi, nani mwingine anaziona, na amejisajili kwenye Tume au la. Na uliza kampuni yako pia, wewe ni wakala wao, huenda hawataki wateja wao wakae kwenye mfumo wa mtu baki, usije ukakuta unavunja mkataba wako wa uwakala.

Afu acha kutegemea ile broadcast ya WhatsApp kukumbushia malipo. Inamfikia tu aliyesevu namba yako. Kina mama wa Deep Sea nusu yao hawajakusevu nakuhakikishia. Wao ni kuwapigia, tena alfajiri boti zikirudi, saa nne wameshalala.

mzee_wa_katani:
Na wa machungwa usiwaweke kwa mwezi, hakuna programu itakayokusaidia hapo. Machungwa yakiisha Muheza mtu hana shilingi, utamkumbusha kwa meseji za rangi zote. Waombee kulipa kwa mwaka, uwafate msimu hela ikiwa mkononi. Mimi wangu wote wa huko ni kwa mwaka, na hawalali ovyo.

binti_makorora:
Jamani nimerudi, nilikaa na faili siku mbili. Nimepitia wote 183. Tarehe zilizogeuka ni 31!! Wengi haiwabadilishii kitu maana kampuni ilishatumia NIDA yao, ila kuna wawili kotesheni zao bado hazijaenda, nimezichana. Bosi kathibitisha sisi ni birthday ijayo, na viwango vya lile faili ni vya miaka miwili nyuma, na nyongeza ya ulemavu haimo kabisa, dah. Kanipa link ya kampuni ya kutolea kotesheni, kumbe ipo toka mwaka jana na inafunguka hata kwenye simu, hakuna aliyeniambia. Kaka wa laki nane nilimuuliza kitufe cha kushusha wateja akasema ataongea na mwenzake. Bado wanaongea.

Jumamosi naenda Muheza kwa mwalimu na karatasi ya kampuni, nimeshusha na fidia (kile kiasi atakacholipwa) kidogo ili irudi kwenye 52,000 yake aone na achague mwenyewe. Ila fundi, namba za NIDA kwenye faili zinaonekana 1.98304E+19, nikizipanua zote mwisho zina sifuri tano. Nimefanya nini tena?

fundi_wa_shiti:
Hujafanya kitu dada, Excel inashika tarakimu 15 tu na NIDA zina 20, zilizobaki inaweka sifuri. Zile tano za mwisho zimekwenda hazirudi. Nane za mwanzo ni nzima kwaiyo tarehe ulizorekebisha ziko sawa. Kabla hujaandika upya fomati hiyo safu iwe maandishi, na ya simu pia, nina uhakika 0 ya mbele imeliwa. Namba kamili utazitoa wapi, una kopi zao?

binti_makorora:
Ziko kwenye kauntabuku.

bombo_bombo:
😂😂😂 nilisema mie